Kabla ya Kutazama Umbo, Uliza Mmea Unazaaje

Ukisimama chini ya mvinje ufukweni Bagamoyo, na siku nyingine ukasimama chini ya msonobari kule Sao Hill, wilayani Mufindi, utadhani umekutana na ndugu wawili. Yote ni miti mirefu iliyonyooka, yote huvuma upepo ukipita, yote ina majani membamba na hudondosha vitufe vigumu vyenye magamba. Hata hivyo, kwa ukoo, mvinje uko karibu zaidi na maharage ya bustanini kwako kuliko na msonobari. Mvinje hutoa maua. Msonobari hautoi, na mababu zake hawakuwahi kutoa.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na umbo. Umbo la mmea hufuata shida za mahali unapoishi: chumvi, ukame, baridi, kivuli, upepo. Mimea isiyo na undugu wa karibu ikikabiliwa na shida moja huishia na sura moja. Namna ya kuzaa hubadilika polepole mno, na humo ndimo ukoo unamojulikana. Kwa hiyo, ukikutana na mmea usioujua, uliza maswali mawili kwa mpangilio huu. Kwanza, unasafirishaje maji mwilini mwake? Pili, unazaa kwa spora, kwa mbegu zilizo wazi, au kwa mbegu zilizofungiwa ndani ya tunda? Ukiyajibu haya utakuwa umeshaupeleka mmea kwenye kundi lake, hata kama jina lake hujalijua bado.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, wembe mpya, karatasi nyeupe, bahasha kadhaa na daftari. Lenzi usiishike mbali kama wanavyofanya kwenye filamu za upelelezi. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha usogeze mmea mpaka uonekane vizuri. Kamera ya simu inasaidia kutunza kumbukumbu, lakini mengi yanayoamua kundi ni madogo mno au yamejificha upande wa chini, na picha ya haraka haitayaonyesha.

Anza kwa kuondoa visivyohusika. Uyoga si mmea. Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya Kilimanjaro ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja, nazo si mmea pia. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni mwani mwekundu, wenye ukoo wake baharini tangu zamani. Lakini hapo hapo, maji yakitoka, utakanyaga majani ya bahari yaliyolala mchangani. Haya yana mizizi, yana mishipa, na hutoa maua yake chini ya maji. Ni mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini. Ukoga unaoteleza kwenye mwamba wa mto, usio na jani wala shina, nao ni mwani.

Mimea ya nchi kavu yote ina jambo moja inaloshirikiana: kiinitete chake huanza maisha ndani ya mwili wa mama, kikilishwa na mama. Mababu zake walikuwa mwani wa kijani wa maji baridi, na spora za kale kabisa zinazohesabiwa kuwa za mimea ya nchi kavu zina umri wa takriban miaka milioni 470. Tangu wakati huo matawi yamekuwa mengi. Tuyafuate kwa mpangilio wa maswali yetu.

Tafuta ukuta wenye unyevu kando ya tangi la maji, au ngazi za zege upande usiopigwa jua. Ile mimea mifupi ya kijani iliyosongamana hapo ni mosi. Bandua kipande kidogo ukitazame kwa lenzi, utaona vishina, na vijani vimepangwa kuzunguka kila kishina, na aghalabu kila kijani kina mstari mmoja katikati. Kando ya mstari huo, kijani cha mosi kwa kawaida kina unene wa seli moja tu. Chini hakuna mizizi, kuna vinywele vya kushikilia tu. Mosi nyingi hazina mishipa ya kupandisha maji, kwa hiyo hunywa kwa mwili mzima na haziwezi kurefuka. Chukua kipande kilichokauka na kujikunja, kidondoshee maji, ukitazame kwa lenzi. Ndani ya dakika chache vijani vinafunguka na rangi inarudi.

Sasa tafuta vijiti vyembamba vilivyosimama juu ya mosi, kila kimoja kikiwa na kibweta kidogo kichwani. Humo ndimo zilimo spora. Kijiti hicho ni kizazi cha pili, mtoto anayemtegemea mama yake maisha yake yote. Ili mtoto huyo apatikane, mbegu ya kiume ilibidi iogelee kwenye utando wa maji hadi kwenye yai, na hii ndiyo sababu mosi hupenda mahali panapolowa. Zipo aina zipatazo 12,000. Katika misitu ya mawingu ya Uluguru, Usambara na Ruwenzori hufunika matawi ya miti kwa unene wa kushangaza, zikikamata ukungu na kuushusha chini kama maji. Anayejali chanzo cha mto wa kijijini kwake azijali hizi pia.

Jamaa wa mosi ni livawoti. Aina rahisi kuipata ni Marchantia, inayojitandaza bapa juu ya udongo wa vyungu kwenye vitalu vya miche. Haina shina wala jani. Ni kipande cha kijani kinachogawanyika mara mbili mbili, chenye vitundu vinavyoonekana kwa lenzi na vikombe vidogo juu yake. Ndani ya vikombe mna vipande vya kijani, na tone la mvua likiangukia hapo hurusha vipande hivyo vikaote pembeni. Zipo livawoti zenye vijani pia, ambazo huchanganywa na mosi. Zitofautishe kwa kutafuta mstari wa katikati ya kijani, maana livawoti hazina mstari huo, na vijani vyao huwa vimelazwa safu mbili kwa ubapa. Kundi la tatu, honiwoti, ni dogo, lina aina kama 200 hivi. Ukiona kijani bapa kinachochipusha pembe iliyosimama wima na kupasuka kutoka nchani, umeipata.

Kuanzia hapa mimea yote ina mishipa: zailemu ya kupandisha maji na floemu ya kusambaza chakula. Chovya kikonyo cha jani la kangaga kwenye glasi ya maji yenye wino mwekundu, ukiache kwa saa kadhaa, kisha ukate kwa wembe juu ya usawa wa maji. Vidoti vyekundu utakavyoviona ndivyo vilivyouwezesha mmea kusimama na kurefuka.

Wa kwanza kati ya wenye mishipa ni likofita, kundi dogo lenye aina zipatazo 1,300. Vijani vyake ni vidogo, kila kimoja kina mshipa mmoja usiogawanyika, na vifuko vya spora hukaa kwenye kikwapa cha kijani. Kwenye kingo za njia za msitu wa Amani utaona Selaginella, ambayo kwa mbali inafanana na mosi iliyokua kupita kiasi. Leo ni mimea midogo, lakini miaka milioni 300 iliyopita ndugu zao walikuwa miti ya zaidi ya mita 30, na sehemu kubwa ya makaa ya mawe ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini imetokana nao.

Kangaga zinastahili muda zaidi, kwa sababu ziko kila mahali na kwa sababu watu hukosea sana kuzitambua. Dalili ya kwanza ni jani changa, ambalo hujikunja kama mkia wa kinyonga na kujikunjua taratibu linavyokua. Dalili ya pili na ya uhakika iko chini ya jani. Ligeuze. Kangaga iliyokomaa ina vidoti au mistari ya kahawia iliyopangwa kwa utaratibu unaojirudia kwenye kila kipande cha jani. Wadudu gamba nao hukaa chini ya majani na huonekana hivyo hivyo, ila wao wametapakaa ovyo, na ukimgusa mmoja kwa ncha ya wembe anabanduka mzima. Kwenye kangaga ya mashamba yaliyochoka, ile inayojaa milimani baada ya moto, usitafute vidoti katikati ya jani. Spora zake zimejificha chini ya ukingo uliokunjwa.

Fanya jaribio hili mwenyewe. Laza jani lenye vidoti vilivyoiva juu ya karatasi nyeupe, upande wa vidoti uelekee chini, lifunike kwa kitabu chepesi na uliache usiku kucha. Asubuhi ukiliinua utakuta vumbi la kahawia limechora jani zima kwenye karatasi. Kila chembe ya vumbi hilo ni spora. Nyunyiza kiasi chake juu ya udongo uliochemshwa ukapoa, ndani ya chupa yenye mfuniko, na uuweke unyevu penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya wiki kadhaa vitatokea vijani bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hivyo ndivyo vinavyobeba mayai na mbegu za kiume, na hapo tena maji yanahitajika ili mbegu ya kiume iogelee. Kangaga unayoijua, yenye majani makubwa, huota baadaye juu ya kijani hicho na kujitegemea. Tofauti na mosi, hapa mtoto ndiye anayekuwa mkubwa na mama ndiye anayetoweka.

Mtego mkubwa uko kwenye mapambo ya harusi. Yale majani laini, membamba sana, yanayofungwa pamoja na mawaridi, wengi huyaita kangaga. Ni asparagasi, mmea wa asili ya Afrika ya mashariki na kusini, na hutoa vijiua vyeupe na matunda madogo. Upande wa pili, kando ya vijito vya Usambara kuna kangaga mti, Cyathea, ambayo mgeni huidhania mnazi wa porini. Tazama kileleni: majani machanga yamejikunja. Na ile mimea midogo inayoelea kwenye majaruba ya mpunga, Azolla, nayo ni kangaga, ingawa haifanani nayo hata kidogo. Ndani ya majani yake mnaishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, na ndiyo maana wakulima wa mpunga wa Asia wameitumia kama mbolea kwa karne nyingi.

Kwenye kundi hili hili wataalamu huweka Equisetum, mmea wa kingo za mito wenye mashina yaliyo wazi ndani na yenye vifundo. Ukilivuta shina linakatikia kwenye kifundo, na ukilipapasa linakwaruza kwa sababu limejaa silika. Majani yamebaki meno madogo tu yaliyozunguka kifundo. Likumbuke hilo, maana sasa tunaurudia mvinje.

Chuma kile unachodhani ni jani la mvinje, ulivute taratibu. Linakatika kwenye vifundo! Weka kifundo kimoja chini ya lenzi, utaona meno sita hadi manane yamekizunguka. Meno hayo ndiyo majani ya mvinje, na kile kirefu cha kijani ni tawi. Ndiyo maana jina lake la kisayansi ni Casuarina equisetifolia, wenye majani mithili ya Equisetum. Kisha okota kitufe chake kilichokauka. Kina midomo mingi iliyofunguka, na kila mdomo ulikuwa umeshika tunda moja dogo lenye bawa, mbegu ikiwa imefungwa ndani yake. Sasa chukua msonobari wa Sao Hill, ambao mara nyingi ni Pinus patula kutoka Meksiko. Majani yake hayana vifundo, na hutoka kwa mafungu, aghalabu matatu matatu, yameshikwa na ala moja chini. Inua gamba la koni yake iliyokomaa. Mbegu mbili zimelala juu ya gamba, wazi, bila tunda la kuzifunika.

Hizo ndizo mbegu uchi, na mimea yenye mbegu hizo inaitwa jimnospemu. Ni aina zipatazo 1,000 tu duniani. Kwa kuzaa kwa chavua inayosafiri hewani au kwa wadudu, kundi hili liliacha kutegemea utando wa maji kwa ajili ya mbegu ya kiume kuogelea nje, na likaweza kuishi milimani na nyikani.

Misonobari ya Afrika Mashariki imeletwa. Ya kwetu ni mtarakwa na podo, na yote miwili hudanganya. Mtarakwa una vitu vya duara vya buluu vinavyoonekana kama matunda ya kuliwa. Vikate kwa wembe, utaona ni magamba ya koni yaliyonona na kushikana. Podo una majani bapa, na mbegu yake imevikwa nyama au imekalia kikalio chekundu kilichovimba, ndege hula na kuitawanya. Mtu atakwambia podo una matunda. Mwonyeshe kuwa hakuna ua lililotangulia, na kwamba nyama hiyo haikutokana na ovari.

Kati ya jimnospemu, mtapo ndio unaonigusa zaidi. Huota kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, na ndugu yake wa Asia hupandwa kwenye bustani za hoteli, ambako watu humwita mnazi mfupi. Mnazi hutoa kole lenye maua. Mtapo hutoa koni katikati ya majani magumu yenye ncha za kuchoma, mmea dume na mmea jike kila mmoja peke yake. Mbegu zake zina sumu, kwa hiyo watoto wasizichezee. Jenasi ya Encephalartos yote, ikiwamo mitapo yetu ya porini, imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kwa sababu wizi wa kuing'oa na kuiuza unaimaliza. Ukiuona porini, uupige picha na uuache. Ukiona unauzwa njiani bila karatasi, usiununue.

Wasomaji wa Kongo wanayo jimnospemu jikoni. Fumbwa, majani yanayokatwa membamba sana na kupikwa kwa karanga na mawese, ni Gnetum africanum. Ina jani pana lenye mishipa ya wavu na hupanda miti, kila dalili ya nje ikisema ni mmea wa maua. Mbegu zake zinakataa.

Yanabaki maua. Mimea yenye maua, yaani anjiospemu, ni aina zaidi ya 300,000, na ndiyo inayotulisha karibu yote. Kitabu kikubwa kinachoorodhesha mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, kilikamilika mwaka 2012 kikiwa na aina zaidi ya 12,000, na nyingi mno kati yake ni za kundi hili. Alama yake ni ovari: mbegu hukua ndani ya chumba kilichofungwa, na chumba hicho ndicho kinachokuwa tunda. Usisubiri ua la kupendeza. Mbelewele za mahindi ni maua ya kiume, na kila uzi wa ndevu za mahindi unaelekea kwenye punje moja. Mkuyu unaficha maua yake ndani ya kile tunachokiita tunda. Pasua moja changa uyaone.

Shuleni wengi tulifundishwa kuyagawa maua makundi mawili, monokotiledoni na dikotiledoni. La kwanza limesimama imara. Monokotiledoni zina kotiledoni moja, yaani jani moja la mbegu, na kwa kawaida majani yenye mishipa sambamba, mizizi ya nyuzi, na sehemu za ua kwa tatutatu. Kata bua la hindi kwa wembe, utaona mishipa imetawanyika kama vidoti, haikupangwa duara. Mfano mzuri zaidi uko kwenye nazi iliyoanza kuota. Ipasue, ulitazame joya, lile donge jeupe laini ambalo watoto hugombea. Hiyo ndiyo kotiledoni ya mnazi. Inajaza tundu la nazi na kufyonza chakula cha ndani ili kulisha chipukizi linalotoka nje. Mtego wake ni majani: magimbi na viazi vikuu vina mishipa ya wavu, lakini ni monokotiledoni.

La pili ndilo lililovunjika. Uchunguzi wa vinasaba, uliowekwa pamoja katika mfumo wa APG kuanzia mwaka 1998, umeonyesha kuwa mimea yenye kotiledoni mbili haitokani na tawi moja. Pahali pazuri pa kulielewa hili ni shamba la viungo Kizimbani, Unguja. Iliki, tangawizi, manjano na vanila ni monokotiledoni. Mkarafuu uko kwenye tawi kubwa liitwalo yudikoti, pamoja na maharage, mwembe, mbuyu na mvinje. Lakini mdalasini, pilipili manga, kungumanga na mlangilangi ni wa tawi la magnolidi, pamoja na mparachichi na mstafeli. Pasua kokwa la parachichi uone kotiledoni mbili nene, kisha hesabu sehemu za ua lake: tatu na tatu. Ndiyo maana hesabu ya tatutatu peke yake haitoshi kukwambia ni monokotiledoni. Tofauti ya uhakika iko kwenye chembe za chavua: za yudikoti kwa kawaida zina vitundu vitatu au zaidi, za magnolidi na monokotiledoni kimoja au hazina. Hilo linahitaji darubini ya maabara. Hata mlangamia wa pwani, zile nyuzi za manjano zinazonyonga vichaka, Cassytha filiformis, ni magnolidi wa familia moja na mparachichi. Shina lake halisemi lolote; kijiua chake ndicho kinachosema.

Unapokusanya sampuli, chukua kilichoamua kundi: jani lenye vidoti, koni, ua, tunda. Tawi lenye majani matupu humwacha hata mtaalamu akibahatisha. Andika hapo hapo mahali, tarehe, mwinuko, rangi ya ua ikiwa mbichi na jina wanaloliita wenyeji, kisha ukaushe sampuli kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku. Ndani ya hifadhi pata kibali kwanza. Mosi na livawoti usizibane: zikaushe ndani ya bahasha ya karatasi zikiwa wima, maana zikilowekwa tena baadaye zitafunguka. Sampuli zilizobaki bila jina zipeleke kwenye mkusanyiko wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ule wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, pamoja na ukurasa wako wa daftari.